Aliyeagwa Ijumaa

Mama mdogo Imakulata aliagwa kazini siku ya Ijumaa, kwa pilau, nyimbo na machozi. Jumatatu iliyofuata, kabla king'ora hakijalia, alikuwa amesimama mbele ya mashine yake ileile ya kusokota kamba, kitambaa kichwani, vidole vikiunga nyuzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Loveness, anayesimamia mashine ya jirani, alipoingia na kumwona aliweka mkono kifuani.

"Mama Noa! Wewe si tulikuzika Ijumaa?"

"Mlinizika vibaya," Mama mdogo akamjibu. "Mliacha miguu nje."

Miguu ndiyo iliyosingiziwa kisa chote. Kisa chenyewe kilikuwa nyumba.

Mama mdogo alizaliwa kambini, katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Babu yetu aliletwa kutoka Songea akiwa kijana, kukata mkonge, na nyumba aliyolelea wanawe ilikuwa ya kampuni: chumba kimoja chenye namba mlangoni. Siku aliyomaliza kazi ndiyo siku vitu vyao vilipotolewa nje, kwa sababu mfanyakazi mwingine alikuwa anasubiri kivulini na virago vyake. Mama mdogo alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Anachokumbuka ni kwamba mama yake alifagia kile chumba kabla ya kutoka, akafagia mpaka kizingiti, ndipo akakabidhi ufunguo.

"Alifagia nyumba ya watu," huwa anasema, "halafu sisi tukaenda kulala kanisani."

Alipokuja mjini na kupata kazi kwenye kiwanda cha kamba, alipanga vyumba viwili Ngamiani, katika nyumba ya Mzee Mwinyijuma. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingine za mtaa ule: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwenye mafiga, karo na mlimao mmoja mkaidi usiozaa. Alifika hapo akiwa bibi harusi. Humo ndimo alimozaa Noa, na humo ndimo alimofanyia matanga ya mumewe. Mzee Mwinyijuma alipofariki, binti yake Bi Saleha alibaki chumba cha mbele, na wawili hao wakazoeana kama mtu na dadaye. Mwezi wa Ramadhani Mama mdogo ndiye anayekuna nazi ya futari ya nyumba nzima, na Krismasi Bi Saleha ndiye anayesimama juu ya sufuria kuhakikisha Wakristo hawaunguzi wali.

Mimi, Praxeda, ni binti wa dada yake. Nilikwenda kukaa kwake nilipomaliza chuo, nikisubiri kazi, na ndivyo nilivyoyaona haya kwa macho yangu, na nisiyoyaona nikayasikia kwake, zaidi ya mara moja.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipokwisha, warithi wa Mzee Mwinyijuma walikubaliana kuuza. Hapakuwa na ugomvi. Luqmani, kaka yake Bi Saleha, anaishi Mombasa na alitaka haki yake. Wadogo zao nao walitaka yao. Nyumba haigawanyiki kama mkate. Bi Saleha aliitwa, akakubali, kisha akarudi uani akakaa juu ya kibao cha mbuzi bila nazi mkononi.

"Imakulata," akasema, "nimewaambia kitu kimoja. Nimewaambia mpangaji wa miaka yote hii aulizwe kwanza. Wameridhia. Luqmani anakuja mwisho wa mwezi ujao kumaliza jambo. Ukiwa nayo, nyumba yako. Usipokuwa nayo, Mselem dalali ana mtu wake, mfanyabiashara wa Horohoro, yeye ataka kubomoa ajenge stoo."

"Na wewe, dada? Utakwenda wapi?"

"Kwa Luqmani. Kuna chumba juu, ghorofa ya nne." Akaangalia mlimao. "Sijawahi kulala juu ya watu."

Mama mdogo alikuwa na nusu ya fedha. Alikuwa ameuza kishamba alichoachiwa na mumewe, na fedha hizo alizihifadhi kwa shughuli ya namna hiyo. Nusu nyingine alikuwa nayo pia, ila imefungiwa. Kiwandani kulikuwa na mfuko wa akiba ya uzeeni wa hiari, mbali na ule wa lazima wa kila mwajiriwa. Kila mwezi, kwa muda mrefu, Mama mdogo alikuwa akikatwa kidogo kwenye mshahara kuingia huko. Wafanyakazi waliuita kibubu. Na kibubu, kila mtu anajua, hakina mlango. Ukikitaka kilicho ndani, unakivunja.

Hilo walilijua kwa sababu ya Ayubu. Bwana wa ule mfuko alikuja siku moja kuwaeleza masharti, amevaa tai, akasimama ndani ya kantini huku mashine zinanguruma ukuta wa pili. Waliosikia walisikia nusu. Lakini Ayubu walimwona. Ayubu aliacha kazi, na baada ya muda akapita mbele ya lango la kiwanda anaendesha bajaji yake, mpya, anapiga honi. Hayo ndiyo masharti yaliyobaki vichwani: ukitaka kibubu, acha kazi.

Kwa hiyo Mama mdogo aliamua kuacha kazi.

Nilimkuta uani anaosha dagaa, akaniambia bila kuinua kichwa. Nilimuuliza ataishi kwa nini, maana alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, Noa bado yuko chuo Morogoro, na bima ya matibabu yake na ya mwanawe ilikuwa ya kiwandani.

"Nitauza maandazi. Vyumba vingine nitapangisha. Mungu si Athumani."

"Si uulize kwanza ofisini, Mama mdogo?"

Hapo ndipo alipoacha dagaa. "Niulize nini? Niseme nataka fedha ya nini?"

Pwani hii nyumba hainunuliwi kwa mdomo. Mtu hasemi ananunua mpaka amekwisha kununua, na hata hapo husema taratibu. Watu wana vijicho. Tena Mama mdogo alikuwa na sababu yake. Yeye na marehemu mumewe waliwahi kupata kiwanja Usagara, wakakubaliana bei, na mumewe kwa furaha akaitangaza kwenye kijiwe cha kahawa. Waliporudi na fedha wakakuta mtu mwingine ameshapanda miche ya mipaka. Tangu hapo alijifunza.

"Yule kijana wa utumishi, Castory," akaendelea, "mkewe anaimba kwaya moja na shemeji yake Mselem dalali. Nikimwambia Castory leo, kesho mtu wa Horohoro kaongeza bei. Hapana. Tunajua watatu: mimi, Saleha na wewe. Wewe sikuhofii, maana hata salamu huitikia kwa shida."

Lilikuwa neno la kweli, nikanyamaza.

Basi akahitaji sababu ya kuacha kazi. Akachagua miguu. Alimwambia msimamizi wao, Mzee Abrahamu, kwamba miguu inamvimba, kusimama mbele ya mashine haiwezekani tena, ataondoka mwisho wa mwezi. Castory wa utumishi alikuwa likizo kwao Lushoto, kwa hiyo karatasi zikasubiri arudi. Lakini habari haikusubiri mtu.

Loveness alikuwa wa kwanza kufika nyumbani, na chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Alimkalisha Mama mdogo juu ya mkeka, akamkanda vifundo mpaka akapiga kelele.

"Unaona? Hapo ndipo penyewe!" Loveness akasema. "Kumbe uliumia siku zote na husemi, mwanamke una roho ngumu wewe!"

Ikaja jumuiya ya kanisa, wakasali rozari nzima kwa ajili ya miguu. Mke wa Mzee Abrahamu akaleta chungu kizima cha dawa kali ya majani, akasimama kusubiri chungu kiishe. Mama mdogo aliinywa hadi tone la mwisho, macho yamemtoka. Jirani wa nyumba ya pili akamwazima kiti chake cha choo. Kila mgeni alipoondoka, Bi Saleha alijifunika uso kwa ushungi akicheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Imakulata, utatubu lini?"

"Nikishapata hati. Nitakwenda kwa Padri nikiwa mwenye nyumba."

Lakini jioni alipokuwa peke yake hakucheka. Nilimwona mara mbili tatu amekaa kizingitini anavichua vidole vyake, vile vidole vilivyokomaa kwa singa za mkonge, kama mtu anayeviaga. Kazi ile aliipenda. Anasema mashine ikikata uzi yeye husikia kabla hajaona. Alikuwa anakwenda kuinunua nyumba kwa hicho kitu chenyewe kilichomtunza asiwe mtu wa kulala kanisani.

Ijumaa ya mwisho, wenzake wakamuaga. Kule kiwandani kuna taratibu za kuagana, na hazipunguzwi. Wote walichanga. Palipikwa pilau ndani ya masufuria ya kantini. Kina mama wa kusokota walimzunguka wakamfunga doti ya kanga iliyoandikwa Uendako Kwema, Urudipo Kwenu, wakampa godoro, wakampa kigoda cha kukalia kwa ajili ya miguu yake. Halafu Loveness akasimama kutoa neno.

"Huyu mwanamke," akaanza, "siku nilipoanza kazi nilikata uzi mara nyingi mpaka nikalia. Akaja akaniunganishia bila kumwambia msimamizi. Akaniambia, uzi hauna kisasi, unga tu uendelee." Watu wakaanza kulia mmoja mmoja, na Mzee Abrahamu akatoka nje akijidai anaangalia jenereta. Mama mdogo naye alilia, na anakiri hakulia kwa kuigiza. Alilia kwa aibu na kwa uchungu vikiwa vimechanganyika, huku godoro limesimamishwa pembeni kama shahidi.

Baada ya hapo ndipo alipoitwa ofisini. Castory alikuwa amerudi asubuhi hiyo. Ni kijana mwembamba, mpole, anayevaa sweta hata Tanga hii, kwa mazoea ya milimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipe niweke sahihi niende, watu wananisubiri na godoro."

Castory hakutoa karatasi. Alikuwa amejiandaa kumfanyia wema. "Mama, Mzee Abrahamu amenieleza. Mtu anayeacha kazi kwa ugonjwa hatumwachii hivihivi. Jumatatu nitakupeleka hospitali, daktari akupime miguu. Akithibitisha, kuna malipo yako ya ugonjwa. Na kama unaweza kukaa, tutakuhamishia meza ya kupima kamba. Huko ni kukaa kutwa."

Mama mdogo akaona shimo alilolichimba. Miguu yake ilikuwa mizima kama ya punda. Daktari angeipima, na ukweli ungetoka mbele ya kiwanda kizima kilichokwisha kulia.

"Sitaki daktari," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Imepona."

Castory akamwangalia. "Imepona lini?"

"Hapo wakati wa pilau."

Kijana hakucheka. Aliuma midomo, akapanga kalamu zake mezani, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni mtu anakusumbua kazini? Umegombana na mtu?"

"Hapana."

"Basi kuna nini? Maana ukiondoka leo unapoteza vitu vingi. Siwezi kukuwekea karatasi mbele bila kujua."

Mama mdogo anasema pale alisikia mashine zote upande wa pili, na akasikia moja imekata uzi na hakuna mtu aliyewahi kuuona. Akainuka. Akafunga mlango. Akafunga na dirisha.

"Apa kwa Bikira Maria kwamba hutasema."

"Mama, mimi Mlutheri."

"Basi apa kwa huyo wenu."

"Ni huyohuyo mmoja, mama." Akainua mkono. "Naapa. Hata mke wangu sitamwambia."

"Hasa mkeo."

Akamwambia. Nyumba, Bi Saleha, Luqmani anayekuja, mfanyabiashara wa Horohoro, na kibubu asichoweza kukifungua ila kwa kuacha kazi. Alipomaliza, Castory alikuwa amekaa na mdomo wazi.

"Mama Noa. Nani amekwambia lazima uache kazi?"

"Ayubu."

"Ayubu alikwambia?"

"Bajaji yake ndiyo iliyotwambia."

Castory akajishika kichwa. Kisha akachukua vikombe viwili vya chai vilivyokuwa juu ya kabati, akaviweka mbele yake.

"Tazama, mama. Una akiba mbili. Hii moja ni ule mfuko wa lazima. Huu ukiwa kazini huugusi, uko sahihi, hata mimi sina uwezo nao." Akakisogeza kando. "Sasa hii ya pili ni ya hiari, hicho mnachokiita kibubu. Humu mna vitu viwili vimechanganyika. Kuna fedha uliyoweka mwenyewe kutoka kwenye mshahara, na kodi yake ilishakatwa kabla hujaiweka. Halafu kuna faida iliyozaliwa humo, pamoja na nyongeza ya kiwanda. Unanifuata?"

"Mama na watoto."

"Hasa. Sharti la mfuko huu ni hivi: ukishachangia kwa miaka mitano, yule mama unaweza kumchukua ukiwa hapahapa kazini. Mara moja kwa mwaka. Huulizwi ni ya nini, hakatwi kodi tena, kwa sababu alishakatwa. Wale watoto unawaacha humo wakue mpaka ufike miaka hamsini na mitano, ndipo nao watoke bila kukatwa. Wewe umechangia miaka mingapi?"

"Tangu ulipoanzishwa."

"Basi umeshapita siku nyingi."

Mama mdogo aliangalia kile kikombe.

"Na ningeacha kazi leo?"

"Ungelipwa, lakini nyongeza ya kiwanda ingerudi kiwandani na faida ingekatwa kodi. Tena wanaoacha kazi hupangiwa foleni yao, wanasubiri miezi. Ayubu alisubiri mpaka akakopa kwa watu. Ile bajaji nusu yake ni deni." Castory akasita. "Mama, huyo ndugu wa Mombasa anakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao."

"Ungeacha kazi usingewahi. Ungekosa kazi na nyumba pia."

Halafu miguu, ile miguu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, ikaanza kumtetemeka kwelikweli, na ilimbidi Castory amletee kigoda chake cha zawadi kutoka kantini ili aweke miguu juu.

"Na nikiomba hivyo unavyosema, nikiwa kazini?"

"Ukijaza leo, wiki mbili."

"Inatosha nyumba?"

Castory akatazama kompyuta, akamgeuzia kioo. Mama mdogo akasoma. Akasoma tena. Ilitosha, na ikabaki ya mchanga na saruji ya kuziba ufa wa ukumbini.

"Mwanangu," akasema, "niache kwanza nilie kidogo, halafu nitajaza."

Alirudi nyumbani akiwa amekaa nyuma ya guta, juu ya godoro, kanga mabegani kama bibi harusi. Bi Saleha na mimi tulikuwa barazani. Tulimwona anakuja, uso umevimba, tukajua jambo limekwisha na kazi imekwenda. Bi Saleha akasimama kumpokea.

"Pole, mwanakwetu. Pole sana. Umeshaacha?"

Mama mdogo akashuka. "Dada Saleha, ingia ndani."

Tuliingia mpaka uani, na mlango wa uani ukafungwa. Akatueleza kwa kunong'ona, huku jirani wa nyumba ya pili anauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama kiti chake cha choo bado kinahitajika. Bi Saleha alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka, safari hii kwa sauti yote, akalia na kucheka pamoja, akapiga makofi.

"Ya Rabi! Rozari nzima! Na ile dawa!"

"Nyamaza, dada."

"Na chupa ya karafuu! Mwanamke umekandwa bure!"

"Haikuwa bure," Mama mdogo akasema. "Tangu Loveness anikande nalala vizuri."

Usiku ule wote wawili walikula pilau iliyobaki. Nilimsikia Bi Saleha akiuliza, kwa namna ya mtu anayeogopa jibu, je, akishakuwa na nyumba, chumba cha mbele atampangisha nani.

"Chumba cha mbele kina mtu," Mama mdogo akajibu. "Nanunua nyumba na watu wake. Godoro hili ni lako, langu bado zima."

Hivyo ndivyo Jumatatu ilivyokuja. Alipanda baiskeli yake alfajiri kama siku zote, na godoro halikurudishwa, kwa sababu Bi Saleha alikuwa ameshalilalia.

Kazini ilimbidi ajibu. Alikuwa bado hajalipa nyumba, bado hawezi kusema. Kwa mwezi mzima alivumilia. Kila aliyepita alimrushia neno. "Mama Noa, pilau yangu utanirudishia lini?" "Mama Noa, mwaka huu utaagwa tena, au mwakani?" Mzee Abrahamu, aliyetoka nje kuangalia jenereta, hakusema chochote, alimwekea tu kile kigoda pembeni ya mashine, na kila saa alikuja kuhakikisha kwamba amekaa. Castory alipita na sweta yake bila kugeuka, mdomo umefungwa kama aliyemeza ufunguo. Hata mkewe, nasikia, alimuuliza mara nyingi asipate neno.

Fedha ikafika. Mwisho wa mwezi Luqmani akavuka mpaka akaja, mtu mpole, mvi zimeanza, akakaa ukumbini na nduguze. Wakaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na shahidi wa msikitini na wakili, sahihi zikawekwa, sala ikasomwa. Mtu wa Horohoro alipiga simu mchana ule ule, Mselem akamwambia amechelewa. Bi Saleha alikoroga kahawa, tangawizi nyingi, na akamwambia kaka yake ampelekee salamu ghorofa ya nne.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ya chai, Mama mdogo alipanda juu ya kigoda chake cha zawadi katikati ya kantini.

"Jamani, nina maneno. Miguu yangu haijawahi kuumwa."

Kantini ikawa kimya kiasi kwamba birika lilisikika.

Akawaeleza yote. Nyumba, na sababu ya kunyamaza, na kibubu chenye mama na watoto. Aliyarudia masharti mara mbili, polepole, kwa sababu safari hii alitaka wasikie wote. Akaomba radhi kwa machozi yao, na kwa rozari, na kwa kila kijiko cha ile dawa, ingawa dawa aliinywa yeye.

Mzee Abrahamu, mtu ambaye hazungumzi ila akiulizwa, akakohoa.

"Basi mimi," akasema, "nilikuwa naacha kazi mwezi ujao. Mgongo."

Wakamgeukia.

"Mgongo unauma?" Loveness akauliza.

"Hauumi. Namchimbia mke wangu kisima." Akaangalia chini. "Nilisema mgongo."

Kicheko kilichotoka pale, Mama mdogo anasema, kilizima mashine. Kutoka pembeni mwanamume mmoja wa kufunga marobota akapaza sauti kwamba yeye alikuwa amepanga kupata kifafa. Loveness alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipoinuka akaja akasimama mbele ya kigoda, mikono kiunoni.

"Mafuta yangu ya nazi."

"Nitayalipa."

"Hutalipa. Utapika. Nyumbani kwako. Kwako, umesikia? Na nitakuja na miguu yangu, nayo itakandwa."

Wakaja Jumapili, wengi wakiwa na baiskeli, zikajaa barazani mpaka barabarani. Bi Saleha alisimamia sufuria. Loveness alikalishwa juu ya mkeka, na Mama mdogo, mwenye nyumba, akapiga magoti akamkanda miguu kwa karafuu huku wengine wanamhesabia kwa nyimbo. Castory alikuja na mkewe, na mkewe alimwangalia mumewe kwa namna ya mtu ambaye hasira zake zimekwisha lakini hataki kusema.

Walipoondoka, jua limeanza kulegea, nilimwona Mama mdogo anachukua ufagio. Alifagia uani, akafagia ukumbi wote, vyumba huku na huku, akafika mlango wa mbele. Hapo akainama akafagia kizingiti. Kisha akasimama nao mkononi, akitazama nje, kana kwamba anangoja mtu aje kudai ufunguo. Hakuna aliyekuja. Bi Saleha alimwita kutoka chumbani kwake kwamba taka asizirushe barazani, upepo utazirudisha.

"Zirudi," Mama mdogo akamjibu. "Nitafagia tena."